Kaeni Kwenye Jiwe Moja

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu kwenye mawe ya Bujora kutazama wanyama, hadi saa nne asubuhi tulikuwa tumeona mbuzi wanane, kuku wa watu, na kijana mmoja aliyelala chini ya mwembe. Vilima vitatu tulikuwa tumeshavipanda. Mdogo analia viatu vinambana, mkubwa ananiuliza kama Serengeti nako kuko hivihivi. Bibi yao, yaani mama yangu mzazi, aligoma tangu kilima cha pili. Alituambia tuendelee na mbio zetu, akatandika kanga kwenye jiwe bapa, akaanza kumenya karanga.

Tuliporudi tulimkuta palepale. Bila kugeuza shingo akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mlikuwa mnawatafuta hawa?" Nyuma yake, kama hatua kumi na tano hivi, pimbi tisa walikuwa wametandazwa juani kama dagaa wa Igombe. Mmoja anajikuna ubavu. Watoto wakapiga kelele za furaha, na kufumba na kufumbua likabaki jiwe tupu.

Niliyojifunza kuhusu kutazama wanyama na familia yametoka kwenye kanga ile. Wengi wetu tumefundishwa na gari la Serengeti: dereva anakimbiza, redio inaita, simba yuko kule, twende. Kwenye vilima vya mawe mambo ni kinyume. Mnyama wa mawe haendi mbali na pango lake, kwa sababu uhai wake umo ndani ya ule ufa. Ukimpita amekuona, amejificha, na anasubiri uondoke. Kwa hiyo usiondoke. Chagueni jiwe moja, kaeni saa mbili, mengine yatakuja yenyewe.

Kwa nini Bujora, na si mahali penye lango na kiingilio? Kwanza ni karibu: kilomita 18 hivi kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Unapanda daladala hadi Kisesa, ukitoka hapo ni bodaboda ya dakika chache au matembezi mafupi kwa barabara ya vumbi. Pili, mnaweza kulala. Pale ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Québec ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka, na kuna nafasi ya wageni na ya kupiga mahema. Tatu, ikitokea asubuhi yenu imekwenda bila mnyama, mchana mna ngoma, viti vya watemi na kanisa lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Familia yenye mtoto wa miaka minne inahitaji mpango wa pili kila siku.

Na mawe yenyewe. Sisi wa Mwanza tumezoea kuyaona hadi hatuyaoni. Tunapiga picha Jiwe la Bismarck, tunaendelea na safari. Mweleze mtoto kwamba itale hii ni ya zamani kuliko karibu kila kitu atakachokigusa maishani, zaidi ya miaka bilioni 2.5, na kwamba ilipoa chini ya ardhi. Maji yakapenya kwenye nyufa zake, yakailainisha pembeni, kisha udongo ukachukuliwa na mvua, yakabaki mabonge yamepandana kama viazi kwenye karai. Nafasi zilizo katikati ya mabonge hayo ndizo nyumba tunazokuja kuzichungulia.

Basi jiwe utalichaguaje? Fika jioni ya siku iliyotangulia, zunguka taratibu, tafuta choo. Sifanyi mzaha. Pimbi wana desturi ya kujisaidia mahali pamoja, kizazi hata kizazi, na mkojo wao ukikauka huacha madini. Utaona michirizi myeupe na ya kahawia kwenye ubavu wa jiwe, kana kwamba fundi alimwaga chokaa akakimbia. Huko kusini mwa Afrika wanasayansi huchimba matabaka ya mikojo ya namna hii iliyogandamana ili kujua mvua zilivyokuwa maelfu ya miaka iliyopita. Mwambie hayo mtoto wa darasa la nne, hutahitaji kumshawishi tena kupanda kilima. Ila usichanganye na kinyesi cha ndege: hicho huanzia kwenye ukingo wa juu, palipo na tundu au kituo cha kutulia, kikadondoka kwa matone.

Ukishapata choo, angalia upande gani wa jiwe unapigwa na jua la kwanza. Pimbi hana uwezo mzuri wa kulinda joto la mwili wake kama wanyama wengine wa damu moto. Usiku hulala wamebanana, asubuhi lazima waote jua kabla ya kufanya lolote la maana. Kwa hiyo keti mashariki ya jiwe, jua likiwa mgongoni kwako. Utawaona vizuri, wao watakuona kwa shida. Lakini kumbuka kwamba kivuli cha asubuhi ni kirefu: kikiwafikia pale juu, umewavamia bila kuinuka. Jua la Mwanza huchomoza saa moja kasoro. Muwe mmekaa, mmetulia na mmeshapiga chafya zenu zote kabla ya hapo. Kuanzia saa nne na nusu hivi jiwe huwa la moto na wenyewe huingia ndani, wakarudi saa kumi jioni kula.

Sasa nizungumze kidogo juu ya pimbi, maana nadhani tumemdhulumu. Mtaani jina lake limekuwa tusi la mtu mfupi, au la mtu asiyejua kitu. Biblia ya Kiswahili, inayomwita wibari, ilimpa heshima zaidi: Mithali inamtaja miongoni mwa viumbe wadogo wenye akili nyingi. Ni mnyama wa kilo 2 hadi 4, anafanana na sungura aliyenyimwa masikio, lakini ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Mwombe mtoto atazame meno ya mbele ya dume anapopiga mwayo. Yale mawili ya juu hayaachi kukua, kama pembe za tembo. Mimba yake ni ya miezi 7 hadi 8, karibu na ya binadamu, na mtoto huzaliwa macho wazi, manyoya mwilini, tayari kurukaruka siku hiyohiyo. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, ndiyo maana anapanda ukuta wa jiwe ambao wewe na raba zako mpya mnauogopa.

Kwenye mawe kuna aina mbili, na hapa ndipo mchezo wa watoto unapoanza. Kwenye vilima vya mawe vya Serengeti, mtafiti Hendrik Hoeck aliwafuatilia tangu miaka ya 1970, akakuta pimbi wa mawe na pimbi wa vichakani wakiishi pango moja. Huota jua pamoja, watoto wao hucheza pamoja, ila hawaoani wala hawali sahani moja. Yule wa mawe ni mnene zaidi na hupenda majani ya chini. Yule wa vichakani ni mwembamba, uso umechongoka, na hupanda miti kuchuma majani. Mpe kila mtoto pimbi mmoja wa kumfuata kwa macho kwa nusu saa, kisha aseme: alikula chini au juu? Mtoto mwenye kazi hapigi kelele. Mtoto aliyeambiwa tu "nyamaza utazame wanyama" atakuwa amechoka kabla hujamaliza sentensi.

Mtafuteni pia mlinzi. Karibu kila kundi lina mmoja aliyekaa juu kabisa ya bonge, hali, hachezi. Anamtazamia tai mweusi wa milimani, mwenye alama nyeupe mgongoni, ambaye chakula chake kikuu ni pimbi. Akipiga mlio mkali, wote hutoweka kwa pamoja. Hapo usinyanyuke. Tazama juu. Mwewe wa kawaida, wale wanaonyakua vipande vya samaki sokoni, wako wengi mno Mwanza, na mara nyingi pimbi wanaonekana kuwajua na kuwapuuza. Mlio ukitoka, kwa kawaida kuna kitu cha kukitazama angani, na msipokiona basi chunguzeni kama si ninyi wenyewe.

Kati ya saa nne na nusu na saa kumi, pimbi wakiwa ndani, wenye mawe ni mijusi. Watu wazima huwa hawana subira nao, na wanakosea. Dume la mjusi wa mawe wa hapa kwetu ana kichwa na mabega ya rangi nyekundu inayokaribia waridi, na mwili wa buluu. Duniani watu wa intaneti wamempachika jina la Spider-Man. Lakini jina lake la kitaalamu, alilopewa na Arthur Loveridge mwaka 1923, ni Agama mwanzae. Ndiyo, mjusi wa Mwanza. Mjini kwetu tuna sanamu ya samaki, mjusi tumemsahau. Dume mkubwa huchagua bonge lililochomoza, akatikisa kichwa juu chini kuwaonya wenzake. Majike ni ya kahawia, yanafanana na jiwe hadi yatembee. Wanavumilia watu kuliko pimbi, kwa hiyo ndio walimu wazuri wa mtoto mdogo kabisa: hatua mbili, simama, hesabu kumi, hatua nyingine moja.

Wapo majirani wengine wenye asili ya nchi hii ambao wageni huwajua kuliko sisi. Kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya machungwa na kope nyeupe kama miwani, anayefugwa kwenye vizimba Ulaya na Marekani, kwao ni hapa, kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria. Huko ng'ambo anaitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huku karne ya 19. Huruka kwa makundi madogo wakipiga kelele kali, hasa palipo na mtama ulioiva na miti yenye matundu; utawasikia kabla ya kuwaona. Na kobe bapa, yule aliyelegea gamba kama chapati, ambaye akiogopa hajifichi ndani ya gamba bali anakimbia na kujibana kwenye ufa, wanasayansi walimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1903 kutokana na kobe aliyetoka Busisi, pale lilipofika daraja la Kigongo. Hutaga yai moja tu kwa wakati. Walichukuliwa wengi mno kwenda kuuzwa nje, na mwaka 2019 mkataba wa CITES ukampandisha kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi. Ukibahatika kumwona kwenye ufa, mwache kwenye ufa. Usimvute hata kwa picha. Ukimng'oa unaweza kumjeruhi, na aliye nyuma yako akiona ni rahisi atafanya biashara.

Hilo linanipeleka kwenye mifuko ya watoto. Watoto huokota. Jiwe, ua lililokauka, sawa. Mwiba wa nungunungu, gamba la kobe, meno, ngozi: hivyo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inavihesabu kuwa nyara, na kuwa navyo bila kibali ni kosa hata kama aliyeviokota ni mtoto na baba yake ni mwalimu. Sisi hupekua mifuko kabla ya kushuka. Miiba hurudi ilikotoka, na kilio huwapo.

Vya kubeba ni vichache. Darubini moja kwa familia inatosha, na ukikosa, keti karibu zaidi na uwe mvumilivu zaidi. Maji mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu itale hurudisha joto. Kofia. Nguo za rangi ya udongo. Jezi nyekundu ya timu ibaki nyumbani, nanyi wa timu ya njano pia. Chakula kisicho na karatasi za kuchakarika: viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, karanga, ndizi. Michembe ina faida yake ya ziada, kwani mtoto akishaitia mdomoni hawezi kuongea kwa dakika kadhaa. Lakini msiwape wanyama hata punje. Tumbili aliyeonja andazi mara moja hatasubiri kualikwa mara ya pili. Mimi nimenyang'anywa mfuko mzima na mmoja wao, akakaa juu ya jiwe akawa anafungua fundo kwa utulivu kuliko mimi.

Hatari zipo, nami sipendi makala zinazozificha ili kupendezesha safari. Nyoka kwanza. Usitie mkono wala mguu mahali ambapo macho yako hayajafika. Kwenye mawe kanuni ni hiyo moja, ifundisheni kama wimbo. Kifutu hakimbii, hulala tu akikutegemea usimkanyage. Viatu vya kufunika kidole, fimbo ya kugonga mbele, na hakuna mtoto anayeingia pangoni. Mtu akiumwa, akae, asikimbie, asichanjwe, asifungwe kamba, asinyonywe. Mwondoeni pete na bangili, mwahisheni hospitali, na Bugando iko mjini palepale. Watoto wanaweza kuwa wamewaona Bayeye, wacheza nyoka wa Kisukuma, wakivaa chatu shingoni kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi Juni. Waelezeni kwamba wale wanafundishwa kwa muda mrefu kabla ya kushika nyoka, na wao watoto hawajaanza hata siku ya kwanza.

Wa pili ni nyuki, ambao mimi nawaogopa kuliko nyoka. Hujenga ndani ya nyufa, na ufa wa nyuki kwa mbali hauna tofauti na ufa wa pimbi. Kabla ya kukaa, simameni kimya dakika mbili mkisikiliza na kutazama kama kuna wanaoingia na kutoka. Hakuna manukato, hakuna moto, hakuna kutupa mawe. Halafu mvua: itale iliyolowa inateleza kama sabuni, na radi za ukanda wa Ziwa si za kuchezea. Wingu likisimama upande wa ziwani, shukeni, hata kama pimbi ndiyo kwanza wametoka. Mkienda kujipoza ufukweni baadaye, watoto wasiingie majini; kichocho bado kipo, na mamba hawana ratiba.

Kabla ya yote hayo, pigeni hodi. Mawe yana wenyewe. Mengine yamo ndani ya mashamba, mengine yana makaburi, mengine wazee huyafanyia matambiko, na hakuna kibao kitakachokuambia ni lipi. Pita kwa mwenyekiti au kwa mzee wa karibu, watoto wasalimie, "mwangaluka" asubuhi na "shikamoo" ikibidi, ueleze mmekuja kuangalia nini. Nchi hii ndiyo ilizaa sungusungu miaka ya 1980. Mtu mgeni aliyekaa juu ya jiwe tangu alfajiri akiwachungulia watu kwa darubini ana maswali ya kujibu. Mimi niliwahi kuulizwa kwa upole kama nimeshaona dhahabu ngapi. Mzee aliyeniuliza, nilipompa darubini atazame pimbi, alikaa nasi saa nzima, na ndiye aliyetuonyesha pale nungunungu anapotokea usiku. Wasukuma walikuwa na chama kizima cha wawindaji wa nungunungu, Banungule, chenye ngoma yake. Ukitaka kujua nani anaishi ndani ya shimo gani, vitabu havitakusaidia kama mjukuu wa mtu wa namna hiyo. Mwongozaji wa kijijini mlipeni vizuri, na "wabeja", yaani asante, juu yake.

Juni hadi Septemba majani ni machache na wanyama huonekana kirahisi, na likizo ya Juni huangukia hapo. Tatizo ni kwamba Bulabo nayo huangukia hapo. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikianza kushindana, hakuna pimbi atakayetoa pua nje siku hiyo, nawe pia utakuwa kwenye uwanja wa ngoma ukiangalia kitu kingine kabisa. Tenganisha siku.

Ikiwa familia imeonja na inataka zaidi, kuna Kisiwa cha Saanane, kilichoitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo kabla hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, safari ya boti ni fupi tu kutoka Capri Point, na mawe ni yaleyale: pimbi, mijusi, swala, kenge. Siku tulivu ya katikati ya wiki ni bora kuliko Jumapili yenye spika. Na lango la Ndabaka la Serengeti liko kilomita kama 140 kutoka Mwanza, barabara hiyohiyo mliyopita kuja Kisesa. Mkifika huko, mwombeni dereva azime gari kwenye kilima kimoja cha mawe. Atashangaa. Mwambieni mnasubiri. Juu ya mawe kama hayo simba hupenda kulala, na mbuzi mawe husimama kwa ncha za kwato kama amevaa viatu vya kisigino; lakini hata wasipotokea, wanangu sasa huanza kutafuta choo kabla injini haijapoa.

Mama bado huja nasi Bujora. Ana jiwe lake. Mara ya mwisho mdogo alikaa kando yake kwa dakika arobaini bila kusema neno, mdomo umejaa michembe, hadi pimbi mmoja akapita karibu na ncha ya kanga, akanusa maganda ya karanga, akaenda zake. Mama aliendelea kumenya. Daladala ya kurudi mjini tuliikosa siku hiyo, tukalala.